Isipokuwa Mlango Mmoja

Hati ya Kukamilika kwa Jengo ni karatasi moja tu, upande mmoja, na katikati yake ipo sentensi iliyopigwa chapa tangu enzi za watu ambao sasa ni marehemu: *Jengo hili limejengwa kama lilivyochorwa.* Chini yake kuna mistari miwili ya saini, mmoja wa msanifu majengo wa mkoa, mwingine wa mhandisi wa mkoa. Kazi ya sentensi hiyo ni kusema kweli. Kwa miaka thelathini na moja, kazi ya msanifu ilikuwa kuisaidia.

Aliisaidia hivi. Jengo likikamilika na kuonekana halifanani na ramani, hakuna mtu mwenye akili zake ambaye angebomoa jengo. Iliyorekebishwa ni ramani. Msanifu aliitoa kwenye droo, akaitandaza mezani, akachukua wembe na kuukwangua wino taratibu, kama mtu anayemnyoa mgonjwa, mpaka lile dirisha au zile ngazi ambazo hazikujengwa zikawa hazijawahi kuchorwa. Kisha akaweka saini. Wino ukikwanguliwa kwa ustadi, karatasi hubaki na kovu jepesi linaloonekana tu ukiishika kwenye mwanga, na katika Ofisi ya Ujenzi hakukuwa na mtu mwenye mazoea ya kushika vitu kwenye mwanga.

Wenzake walimwita Wembe. Wageni walidhani ni sifa.

Jumatatu asubuhi, zikiwa zimebaki wiki tatu astaafu, Wembe aliitwa na Mhandisi. Kiti cha wageni katika ofisi ile kilikuwa kifupi kuliko viti vyote vya jengo zima, na ukikikalia magoti yanakuja kukusalimia kidevuni. Mhandisi, aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka kumi na tano na mkubwa kwake kwa madaraja matatu, alikuwa akikoroga chai.

"Mzee wangu, karibu. Umeamkaje?"

"Salama, mkuu."

"Bweni la wasichana ulilikagua Ijumaa. Hati sijaiona."

"Kuna mlango haupo."

"Mlango gani?"

"Wa pili. Nimeuchora mwisho wa bweni, upande wa uani. Nimekwenda, nimekuta ukuta. Umeshapakwa rangi."

"Rangi nzuri?"

"Rangi nzuri."

"Basi." Mhandisi alionja chai, akaongeza sukari. "Mzee, Jumamosi mgeni rasmi anakuja kukata utepe. Utepe unafungwa mlango wa mbele. Huo upo?"

"Upo."

"Wasichana themanini na nane wanalala chini, kwenye ukumbi wa chakula. Asubuhi wanakunja magodoro ili wenzao wapate pa kunywea uji. Unataka niwaandikie wazazi wao kwamba wasubiri, tunatafuta mlango?"

Hoja ilikuwa nzuri. Hoja za Mhandisi siku zote zilikuwa nzuri, hilo ndilo lililochosha.

"Kwako ni kazi ya asubuhi moja tu hiyo," Mhandisi aliendelea kwa upole, akavuta faili la kaki. "Na hii ni barua yako ya kustaafu. Nimeiandika mwenyewe, nimekusifu mpaka nimeona haya. Itaondoka kwenda makao makuu siku hati itakapoingia. Bila barua hii, kule hawaanzi kushughulikia kiinua mgongo chako. Unajua walivyo."

"Hiyo ni kanuni, mkuu, kwamba barua ingoje hati?"

"Siyo kanuni. Ni mpangilio."

Msanifu aliinuka. Kuinuka kwenye kiti kile kulihitaji mikono yote miwili na kipande cha dua. Mhandisi alikuwa mstaarabu, akatazama dirishani mpaka shughuli ilipokwisha.

*

Nyumba waliyoishi ilikuwa ya serikali, na serikali ilikuwa imeandika barua fupi ikiomba irudishiwe mwisho wa mwezi. Nyumba yao wenyewe ilikuwepo pia, kwa namna yake: kuta zilikuwa zimefika kwenye lenta, mkanda wa zege wa juu ya milango, miaka sita iliyopita, zikasimama hapo kupumzika. Kiinua mgongo ndicho kilichotarajiwa kuziwekea paa. Jina la fedha hizo lilimchekesha msanifu kila alipolisikia, maana mgongo wake ulikuwa umepindia kwenye meza ya kuchorea na hakuona kitu chenye nguvu za kuuinua tena.

Saa kumi alasiri walikuwa mezani wote watatu, wakinywa chai. Mkewe alikuwa mwalimu wa shule ya msingi iliyo jirani, katika darasa ambalo msanifu alilichora kwa mkono wake. Aliyachora madirisha yafike usawa wa macho ya mtoto aliyekaa; yakajengwa usawa wa macho ya twiga. Wembe ukafanya kazi yake. Miaka kumi na miwili sasa mama yule alifundisha kusoma gizani, akavaa miwani, akabadilisha miwani, na hakuliita darasa lile kwa namba yake. Aliliita "kwa mume wangu."

"Leo kwa mume wangu kulikuwa na giza mpaka nimemwita mtoto kwa jina la dada yake," alisema. "Amekuja hivyo hivyo, maskini, akafanya na hesabu ya dada yake."

Binti yao, kitinda mimba, alikuwa na miaka kumi na sita na alikuwa likizo kutoka shule ya bweni, iliyofunga mapema kuliko nyingine. Huko alikuwa amejifunza kemia kiasi, na kuzungumza kama mtu anayesoma hotuba kwenye msiba wa kiongozi.

"Mheshimiwa Baba," alisema, "umenyamaza kama kabati. Nikupe habari za shule?"

"Nipe."

"Basi sikiliza mila zetu. Wiki ya kwanza ya mwaka, wageni wakishapanga masanduku yao, kiranja wa bweni anasimama juu ya kitanda na kutoa tangazo. 'Mgeni mdogo kuliko wote akafungue mlango wa pili, hewa iingie.' Sasa ukutani kuna ramani, ina fremu na kioo, na mishale myekundu. Ukitokea moto, tokea huku. Mlango wa pili umechorwa pale, mzuri kabisa, mwisho wa bweni. Mgeni anaisoma ramani, anaifuata mishale, anapita vitanda vyote, anafika ukutani."

"Ukuta?" mama yake aliuliza.

"Ukuta mtupu, mama. Anarudi, anasoma tena. Sisi tumelala tunauma mashuka. Kiranja anamwambia, umekwama huo, sukuma kwa nguvu. Anasukuma ukuta. Mwaka huu kuna mmoja mwenye adabu sana, kwanza alibisha hodi."

Mama alicheka mpaka akavua miwani na kuifuta kwa upindo wa kanga. Msanifu alikishika kikombe chake kwa mikono miwili.

"Na wewe ulipokuwa mgeni?" aliuliza.

"Mimi niliusukuma kwa bega nusu saa nzima. Niliamini, Baba. Nimelelewa na ramani."

"Mlango wa mbele unafungwa?"

"Matroni anaufunga kwa nje saa tatu usiku. Funguo analala nazo, nyumbani kwake."

"Mko wangapi mle?"

"Tisini na sita. Kwa nini?"

"Nauliza tu," alisema msanifu, na chai ikamshinda.

Aliijua ramani ile. Ilikuwa nakala ya kwanza, ile iliyopelekwa shuleni kabla jengo halijaanza, na mwalimu mmoja mpenda usafi akaitia fremu. Ya ofisini, yenye saini, haikuwa na mlango. Aliukwangua mwenyewe, miaka tisa iliyopita, siku ambayo binti huyu alikuwa na meno ya utotoni na hakuna aliyemwazia bweni. Asubuhi moja tu.

Binti alipotoka kwenda kwa rafiki yake, msanifu alipeleka vyombo jikoni akaanza kuosha. Mkewe alisimama mlangoni, amekunja mikono.

"Ni wewe?" aliuliza.

"Ni mimi."

"Na hili la Jumamosi?"

"Ni lile lile. Mlango ule ule, ukuta ule ule. Nisipoweka saini, barua haiendi."

Mkewe alivuta kiti akakaa, akavua viatu vya kazini na kuvitazama kana kwamba ndivyo vyenye kosa.

"Nikikwambia weka saini, kesho utasema mke wako alikwambia. Nikikwambia usiweke, mwisho wa mwezi tunalala ndani ya kuta zisizo na paa, na mimi nina kifua. Kwa hiyo usiniulize."

"Sijakuuliza."

"Umeosha sahani hiyo mara tatu. Hivyo ndivyo unavyouliza."

*

Jumatano alirudi kwenye bweni jipya, akiwa na nia ya kuomba. Hakuwahi kuomba mlango maishani mwake. Milango alikuwa akiichora. Mwalimu Mkuu, mama mnene aliyetembea na rundo la funguo kiunoni, alimpokea kwa heshima. Mkandarasi alimletea kiti cha plastiki, kisha akamwomba ainuke kidogo maana kiti kilihitajika kwa mtu anayefunga balbu. Mazungumzo yakaendelea wamesimama.

"Mlango ule mimi ndiye niliyesema uzibwe," Mwalimu Mkuu alisema, bila kuona aibu. "Ulikuwa unatokea uani. Uani kuna ukuta mfupi, ng'ambo ya ukuta kuna shule ya wavulana. Wewe baba una binti?"

"Ninaye."

"Basi sina haja ya kukuchorea."

"Nakuelewa, mwalimu. Lakini wakitaka kutoka wote kwa mara moja?"

"Kwenda wapi?"

"Nje tu. Wakitaka kuwa nje."

Mama yule hakuwa mjinga. Alitazama ukuta uliopakwa rangi ya maziwa, akazichezea funguo zake. "Tutaweka ndoo za mchanga," alisema baadaye, kwa sauti iliyopungua. "Nimeziagiza tangu mwaka juzi."

Msanifu alimgeukia mkandarasi. "Kutoboa mlango hapo ni siku ngapi?"

"Mzee, mlango ni tundu. Lenta imeshapita hapo juu, kwa hiyo siku tatu, na rangi siku moja. Mimi sina ubishi. Nipe karatasi tu. Karatasi niliyo nayo ni ya Mwalimu Mkuu, inasema ziba."

"Ulikuwa na ramani. Ramani siyo karatasi?"

Mkandarasi alicheka, cheko la heshima, lile linalotolewa kwa wazee na kwa polisi. Mafundi wawili waliokuwa juu ya ngazi nao wakacheka, kwa sababu bosi wao amecheka.

"Mzee, tusifichane. Wewe tunakujua. Nilipokuwa fundi mdogo, msimamizi wangu alikuwa anasema, msihangaike na ramani za Wembe. Sisi tunajenga, halafu yeye ndiyo anachora. Ukisikia wenzetu wa mikoa mingine wanavyoteseka na wasanifu wao, unashukuru Mungu. Wewe umetulea vizuri sana."

Alisema kwa dhati. Ilikuwa shukrani, tena ya kwanza ambayo msanifu alipewa tangu aanze kazi. Akaipokea kwa kuinamisha kichwa, akauliza choo kiko wapi, akaenda kusimama mle ndani bila haja yoyote, mpaka mtu akagonga.

*

Ijumaa asubuhi aliitandaza ramani ya bweni mezani. Wembe mpya alikuwa ameuweka kando, umefungwa kwenye karatasi yake. Mlango wenyewe ulikuwa mstari mfupi na robo duara, alama ndogo inayoonyesha ubao unafungukia upande gani. Alikuwa ameuchora ufungukie nje, na pembeni ameandika kwa herufi zake nadhifu: *kitasa cha kusukuma, bila ufunguo*. Maneno hayo aliyaandika kama mtu anayeamini yatasomwa. Hilo lilimshangaza kidogo, kwamba baada ya miaka yote bado alikuwa akichora kila kitu, akijua kitakachofuata, kama mpishi anayepika vizuri kwa watu wanaomwaga.

Akaiacha ramani ilivyo. Akavuta hati. Baada ya *kama lilivyochorwa* hakukuwa na nafasi kubwa, mchapaji wa zamani hakutarajia nyongeza, ila herufi zake zilikuwa ndogo. Aliandika: *isipokuwa mlango mmoja, wa dharura, ambao haukujengwa. Wasilale watu.* Akaweka saini.

Kisha akachukua karatasi nyeupe. Hii ilimchukua muda mrefu zaidi, kwa sababu alitaka kukumbuka vizuri. Madirisha na ngazi aliviacha, angejaza daftari. Aliandika milango peke yake: bweni la wasichana la shule ya kwanza, bweni la wavulana la shule ya pili, chuo cha ualimu, wodi ya wazazi. Mbele ya kila moja aliandika mwaka wa hati, na maneno *mlango wa pili haupo. Ramani niliifuta mimi*. La binti yake liliandikwa la kwanza, na huo ndio upendeleo pekee aliowahi kuufanya kazini.

Hakuzipeleka karatasi kwa Mhandisi. Alizipeleka masijala. Kila mtu katika ofisi zile anajua kwamba karatasi iliyo mkononi ni maoni, lakini iliyogongwa muhuri wa *Imepokelewa*, ikapewa namba na kuandikwa kwenye kitabu, hiyo haichaniki tena. Namba ikikosekana, anaulizwa mtu. Dada wa masijala alizipokea bila kuzisoma, kwa sababu kusoma siyo kazi ya masijala.

"Shikamoo, mzee. Ndiyo unatuaga hivyo?"

"Marahaba, mwanangu. Gonga zote mbili. Na nakala."

Akagonga. Mara nne, kwa nguvu, kama anaua mende.

Kabla ya saa sita Mhandisi alimwita. Safari hii hakumwambia akae, na msanifu alishukuru kimoyomoyo. Karatasi zote mbili zilikuwa mezani, chai imepoa.

"Isipokuwa," alisema Mhandisi.

"Ndiyo, mkuu."

"Hii ya bweni, sawa. Mtu amechoka, anataka kuondoka na dhamira safi, naelewa. Nitamweleza mgeni rasmi kuwa rangi haijakauka. Akate utepe, apigwe picha, wasichana wabaki ukumbini mpaka mkandarasi atoboe. Tutaaibika, lakini si mara ya kwanza." Aliigusa karatasi nyeupe kwa ncha ya kalamu. "Hii ya pili ilikuwa ya nini? Nani alikuuliza?"

"Hakuna aliyeniuliza."

"Chuo cha ualimu nina saini yangu pale. Chini ya yako."

"Ipo, mkuu. Na ya wodi pia."

Uso wa Mhandisi ulipoteza cheo kwa muda, ukawa wa kijana aliyeingia ofisini zamani na kuoneshwa mahali pa kutia saini.

"Ningeweza kuichana," alisema.

"Ina namba."

"Najua ina namba, mzee. Ndiyo maana naongea badala ya kuchana." Alisugua macho. "Lazima niandike uchunguzi ufanyike. Na ukianza uchunguzi, barua yako haiwezi kwenda. Hapo siyo mpangilio tena. Hapo ndiyo kanuni yenyewe. Miezi sita, mwaka. Labda wakukate, labda wakunyime kabisa. Na nyumba ni mwisho wa mwezi vile vile, sina uwezo nayo."

"Najua."

"Mkeo anajua?"

"Ndiyo naenda kumwambia."

"Ungeanza na mimi," alisema Mhandisi kwa uchovu, "tungezungumza."

"Ndiyo maana sikuanza na wewe, mkuu."

*

Alifika nyumbani saa tisa, mapema kuliko kawaida, na hilo peke yake lilitosha kuwakusanya mke na binti sebuleni. Aliwaeleza akiwa amesimama, kofia mkononi, kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Hakuficha kitu. Alipofika kwenye bweni la binti yake alimtazama binti mwenyewe.

"Ule mlango kwenye fremu niliuchora. Wakajenga ukuta. Nikaja nikaufuta ofisini, nikaandika kwamba kila kitu kiko sawa. Mimi, siyo mtu mwingine."

Binti alifungua mdomo. Hotuba haikutoka. Alikuwa amekaa kwenye mkono wa kochi, mguu mmoja ukining'inia, na kwa mara ya kwanza tangu arudi likizo alionekana ana umri wake.

"Tulicheka sana, Baba," alisema.

"Najua."

"Yule aliyebisha hodi analala kitanda cha mwisho. Kile kilichogusana na ukuta." Aliushusha mguu sakafuni. "Sasa watautoboa?"

"Jipya nadhani watalitoboa. La kwenu sijui. Nimeandika tu. Mpaka hapo mlale na dirisha wazi, na mkamwombe Matroni funguo zibaki ndani. Nitakuja kumwomba mwenyewe siku ya kufungua shule."

"Atakukatalia."

"Nitaomba tena siku ya wazazi."

Mkewe alikuwa amesikiliza yote, mikono mapajani, akiitazama miguu ya mumewe, viatu vyenye vumbi jeupe la chokaa ambalo halikuwahi kutoka tangu wachumbiane. Sasa aliinuka. Alikwenda mezani, akaburuta kiti kimoja mpaka dirishani, akakikanyaga kwa mguu mmoja kuona kama kinayumba. Kilikuwa kinayumba. Akapanda.

"Unafanya nini?" msanifu aliuliza.

"Mapazia ni yetu," alisema, akinyoosha mikono juu. "Fito ni za serikali. Nisije nikachanganya siku ya mwisho, watu wako wakatuandikia barua nyingine."

Pete ya kwanza ya pazia ilitoka, kisha ya pili. Mwanga wa alasiri uliingia sebuleni kwa kipande, ukaonyesha vumbi, ukaonyesha mahali rangi ya ukuta ilipobanduka.

"Mama watoto," alisema msanifu. "Umekasirika?"

"Nimekasirika sana," alisema mkewe. "Shika kiti."